Kiota cha Nyaya

Nguzo ya nne kutoka machinjio ya Vingunguti,
transfoma imekoroma mara mbili, ikanyamaza,
na mtaa mzima umenuna.
Napanda. Chini, Tumpale ameshika kamba,
mdomoni ana karanga, macho yako kwangu.

Hii si miti. Haina tawi, haina jani,
imepakwa dawa mchwa asiiguse,
lakini kunguru kauona mti.
Kiota kimekaa juu ya vikombe vya kaure.
Nakikagua kama mtu anayehesabu duka:
henga kumi na moja za dobi,
spoku za baiskeli,
waya wa kufungia nondo,
mkono mmoja wa miwani,
waya wa sidiria
(hapo Tumpale kacheka hadi karanga zikamtoka),
na kipande cha shaba ninachokijua.
Nilikikata mwenyewe, mwezi wa tatu,
nikakiangusha bila kutazama.

Ndani, panapohitaji ulaini,
hakuna chuma hata kimoja.
Singa za mbuzi, nywele za bandia za saluni,
pamba ya godoro la nani sijui,
na juu yake mayai manne,
kijani cha chupa ya soda iliyofifia,
madoa kama mtu kapiga chafya ya wino.

Anajua ukali uwekwe wapi, upole uwekwe wapi.
Mimi, miaka hamsini na miwili, bado nakosea.

Binti yangu Mwanahawa, kidato cha tatu,
alinisahihisha jikoni:
"Baba, usiseme mdomo ulijinenepesha makusudi.
Waliozaliwa na mdomo wa kushindwa
hawakuacha mtoto wa kuwasimulia."
Akanionyesha mjusi ukutani,
amejibana karibu na globu, tumbo linapitisha mwanga.
"Nyayo zake zina vinywele usivyoviona,
maelfu, ndivyo vinavyomshika darini."
Umeme ukakatika.
Tukamsikia gizani akigonga ulimi, tik, tik,
kama fundi aliyeahidiwa vifaa.

Kuna na yule samaki wa topeni,
kwenye mikoko, Msimbazi unapochoka kuwa mto.
Anatembea kwa mapezi
kama mlevi anayetafuta kiatu,
amebeba maji mashavuni
tunavyobeba sisi madumu.
Nani kamwambia nchi kavu inalipa?

Lakini mdomo ni jambo moja,
kumbukumbu ni jambo la pili.
Kofia yangu ya chungwa kunguru wanaijua.
Jumatatu nilivaa nyeupe ya Tumpale.
Wakanyamaza nusu dakika,
kisha mmoja akatazama ninavyochechemea,
goti hili la kushoto, deni la nguzo ya Gongo la Mboto,
akapiga yowe
na mabati yote yakajibu.
Majirani zangu wa miaka kumi
hawanijui kwa mwendo.

Viganja vyangu navyo vimeota gamba la kobe.
Mke wangu nikimshika shavu
anasema kapitishiwa msasa.
Nikamwuliza binti: hii nayo imo kitabuni?
"Hiyo hairithiwi, Baba. Utazikwa nayo."
Akaendelea kumenya viazi.

Amri iko wazi: ondoa.
Nikakibeba kizima, kilo tatu na ushee,
nikakipachika kwenye nguzo ya zamani isiyo na umeme,
hatua sita tu, kivuli kilekile.
Nilijiona mwema.
Alhamisi mayai yalikuwa baridi,
na kwenye nguzo ya nne, juu ya vikombe,
henga mbili zimeshapishana.

Sina neno la busara hapa.
Nilikaza nati, nikakata nyaya zilizoungua,
vipande vikaanguka mchangani.
Tumpale akaviokota, kanuni ni kanuni,
akavitia mfukoni vikilia.
Kimoja hakukiona.
Sikumwonyesha.
Juu ya bati, kuna aliyekiona.